Sinema za Wamarekani Weusi: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

"Weusi walianza kuongoza filamu miaka ya 1960."

Anayewachanganya watu ni Gordon Parks, mweusi wa kwanza kuongoza filamu ndefu ya studio kubwa ya Hollywood, mwaka 1969. Nje ya studio hizo kazi ilikwishafanyika nusu karne. Oscar Micheaux, mkulima wa South Dakota aliyegeukia uandishi, alizindua filamu yake ndefu ya kwanza Chicago mwezi Februari 1919. Kampuni ya filamu ya weusi iitwayo Lincoln ilikuwa imeitaka riwaya yake iigeuze filamu. Yeye akang'ang'ania kuongoza mwenyewe, mazungumzo yakavunjika, akaanzisha kampuni yake.

"Kikwazo kilikuwa fedha tu."

Fedha zilimshinda Micheaux kweli, lakini baadaye: alifilisika mwaka 1928. Mtaji wa mwanzo aliupata kwa kuuza hisa, nyingi kwa wakulima wazungu wa pande za Sioux City. Kazi ilikuwa kuionyesha filamu ikishakamilika. Bodi za ukaguzi, za jiji hata za jimbo, zilitaka kuiona kwanza. Filamu yake "Within Our Gates", inayoonyesha weusi wakinyongwa na kundi la wazungu, ilikataliwa na bodi ya Chicago kabla ya kupata kibali Januari 1920, miezi michache tu baada ya ghasia za rangi mjini humo. Bodi ikiagiza kipande kitoke, mkasi ulipita kwenye nakala yenyewe. Na nakala zilikuwa za kuhesabu: ileile ilizungushwa mji hadi mji, kila projekta ikiikwaruza na kuchana matundu ya kingoni. Huko Kusini mwa Marekani majumba kadhaa ya sinema ya wazungu yaliwafungulia weusi usiku wa manane.

"Zimepotea kwa sababu zilikuwa mbovu."

Basi hata Hollywood ilikuwa mbovu, maana filamu zake bubu nyingi nazo hazipo. Mkanda wa naitreti, uliotumika kwa filamu za enzi hizo, huoza: picha hufifia, mkanda hunata, hutoa mapovu, mwisho huwa unga wa kahawia. Kuuokoa kunahitaji ghala baridi na mtu wa kulipia bili. "Within Our Gates" ilidhaniwa imepotea mpaka nakala moja ikaonekana Hispania, ikiitwa "La Negra". Kadi za maandishi, zinazoonyeshwa kati ya picha za filamu bubu, zilikuwa za Kihispania, isipokuwa nne za Kiingereza cha asili. Maktaba ya Bunge la Marekani ikazirudisha kwa Kiingereza, ikakamilisha ukarabati mwaka 1993. Kwa hiyo maneno mengi anayosoma mtazamaji wa leo ni tafsiri ya tafsiri.