Ethi kwenye mitambo ya muziki: kazi yake, na kwa nini haikatwi

Fundi akisema "ethi" anaweza kuwa anazungumzia nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba, au waya wa kijani wenye mstari wa njano unaofika kwenye kila soketi, au ule mguu mrefu wa juu kwenye plagi ya miguu mitatu. Vyote ni njia moja. Inaanzia kwenye bodi ya chuma ya kifaa, inapita kwenye plagi na ukutani, inafika kwenye mein swichi, kisha inaingia udongoni. Kifaa kikiwa kizima, karibu hakuna umeme unaopita humo. Njia hiyo imewekwa kwa ajili ya siku ambayo waya wa laivu, yaani ule unaoleta umeme, utachubuka ndani na kugusa bodi.

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Mtu aliyelowa jasho anaweza kuwa na ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia umeme usipite, wa karibu omu 1,000 tu, na ukigawa volti kwa omu unapata miliampea 230. Miliampea 10 zinatosha kukaza misuli ya kiganja mtu akashindwa kuachia alichoshika. 30 zikipita kifuani zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sasa mfikirie mwimbaji kwenye ukumbi wa harusi Ngamiani, hapa Tanga, joto la Februari, mkono umelowa, midomo imegusa wavu wa chuma wa maiki. Kazini kwetu yeye ndiye wa kumwekea ethi, kabla hata ya kuulinda mtambo wenyewe.

Wengi huamini fyuzi ndiyo itakayomwokoa. Fyuzi kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Chukua nyumba yenye nondo moja, na njia yote ya ethi ina ukinzani wa omu 20. Laivu ikigusa bodi ya amplifaya, volti 230 kugawa kwa 20 ni ampea 11.5. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, kwa hiyo haikatiki, na amplifaya inaendelea kupiga muziki huku bodi yake imejaa umeme. Ndiyo sababu nondo inahitaji mwenzake: kile kikata umeme ambacho mafundi wengi bado wanakiita ELCB. Kinalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikipishana kufikia miliampea 30, kinajua kuna umeme unaopita pasipotakiwa, labda kwenye mwili wa mtu, na kinakata kabla hata sekunde haijaisha. Kina kitufe cha majaribio hapo mbele. Mimi hukibonyeza kabla ya kila shughuli, na kisipokata sifungi mtambo kwenye umeme huo.

Kwa nini basi mtu aichukie ethi hadi aikate? Kwa sababu ya mvumo.

Kila aliyewahi kufunga spika kubwa anaujua: ile "mmmm" nzito inayotoka hata kabla mtu hajagusa kinanda. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na sauti ya mitetemo 50 iko karibu kabisa na noti ya G ya chini kwenye besi. Chanzo chake mara nyingi ni njia mbili za ethi. Miksa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, iko nyuma ya ukumbi, imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa nyuma. Amplifaya ziko jukwaani, kwenye soketi nyingine. Kila upande una ethi yake inayorudi mein swichi kwa njia yake, na wakati huohuo waya wa sauti unaunganisha pande hizo mbili kwa shildi yake, yaani ule wavu wa nyuzi za shaba unaozunguka nyaya za ndani. Hapo duara limekamilika: miksa, shildi, amplifaya, ethi ya jukwaani, mein swichi, ethi ya nyuma, miksa tena. Vifaa vya kisasa huvujisha umeme kidogo sana kwenye ethi, jambo la kawaida lisilo hatari, lakini unatosha kufanya ethi ya huku isilingane na ya kule kwa milivolti chache. Tofauti hiyo inasukuma umeme kwenye shildi. Na kwa kuwa sauti ya maiki nayo ni milivolti chache tu, mtambo unaukuza mvumo pamoja na wimbo.

Ukikata ethi ya kifaa kimoja, duara linakatika na mvumo unatoweka palepale. Hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu dawa mbaya inafanya kazi. Niliwahi kuitwa Ngamiani mchana wa harusi baada ya mwimbaji kulalamika: "Kaka, maiki inaniuma midomo." Nilifungua plagi ya amplifaya ya gitaa na kukuta waya wa kijani na njano umekatwa, ncha yake imezungushiwa solotepu kwa ustadi. Kijana aliyefanya vile hakuwa mzembe. Alikuwa anatafuta ukimya, akaupata.

Ukumbuke pia kwamba nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma, na zimeungana na bodi ya amplifaya yake kupitia waya wa gitaa. Amplifaya ikikosa ethi kisha ikapata hitilafu, nyuzi zote sita zinapata umeme. Mpigaji hatasikia kitu akiwa amesimama kwenye jukwaa kavu la mbao. Ataupata siku atakayosogeza mdomo kwenye maiki yenye ethi nzuri, kwa sababu hapo umeme unapata njia: mkononi, kifuani, mdomoni. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani baada ya kugusa maiki ambayo ethi yake ilikuwa na kasoro. Tanga yetu ilizoea mapema gitaa na besi za umeme ndani ya taarabu, tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, kwa hiyo hatuzungumzii hatari ya ng'ambo peke yake. Gitaa na maiki hukutana kwa mtu mmoja kila wikiendi hapa mjini.

Ipo hila nyingine inayofanana na hiyo: plagi ya miguu miwili inayosukumwa kwenye soketi baada ya kuingiza kalamu kwenye tundu la juu. Matundu mawili ya chini yamefunikwa kwa makusudi, yafunguke pale tu mguu mrefu unapoingia tundu la juu, na mguu huo umefanywa mrefu ili ethi ishike kwanza na laivu ifuate. Kwa chaja ya simu yenye bodi ya plastiki huenda usione madhara. Kwa amplifaya ya chuma unakuwa umeiondoa kinga yote.

Duara linakatwa upande wa waya wa sauti. Waya wa umeme hauguswi. Kwanza, miksa na jukwaa vilishwe umeme kutoka sehemu moja: vuta ekstensheni moja nene kutoka jukwaani hadi kwenye miksa, sambamba na waya wa sauti, ili ethi zote zikutane mahali pamoja kama njiti za gurudumu la baiskeli. Hatua hii peke yake imeniondolea mvumo mara nyingi kuliko kifaa chochote cha kununua. Pili, tumia nyaya za maiki zenye pini tatu kila unapoweza: pini ya 1 ni shildi, ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile zikiwa kinyume, na mvumo unaoingia kwenye zote mbili kwa usawa unafutika unapofika miksa. Tatu, kwa kompyuta ndogo iliyo kwenye chaja, kinanda na gitaa la besi, weka DI boksi, kisanduku kinachokaa kati ya kifaa na waya wa kwenda miksa. Lile la transfoma linapitisha sauti bila pande mbili kugusana kwa waya, na swichi yake ya kuinua ethi inatenganisha shildi ya sauti tu. Kinga ya umeme inabaki kamili, na hilo ndilo linaloitofautisha na ile solotepu.

Nyaya za sauti zikae mbali na za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba. Ekstensheni ya kuzungushwa ifunguliwe yote, isije ikapata moto.

Kuhusu jenereta, tahadhari moja. Nyingi ndogo zinatoka kiwandani nyutro ikiwa haijaungana na bodi, na hapo ELCB unayoiamini inaweza isikate kabisa hitilafu ya kwanza. Nondo peke yake haitatui hilo. Fundi umeme mwenye leseni ndiye wa kuamua iungwe vipi.

Na kwa sisi wa pwani kuna chumvi. Kuanzia Raskazone hadi Chumbageni upepo wa bahari unakula vyuma, na klempu ya shaba inayobana waya kwenye nondo inaota kutu ya kijani. Ukiitazama kwa mbali utasema ipo, kumbe haishiki. Udongo nao hubadilika: masika ukiwa umelowa unapitisha umeme vizuri, mwisho wa kaskazi mchanga umekauka na ukinzani umepanda. Kwa hiyo pima ethi ya ukumbi, msikiti au kanisa mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza. Kipimo kizuri cha mwezi wa tano hakikuambii ethi itakuwaje wakati wa ukame.

Siku ile ya harusi nilihamisha umeme wa miksa, nikaweka DI boksi moja kwenye kinanda na jingine kwenye kompyuta, mvumo ukaisha kabla ya magharibi. Kisha nikakaa chini na yule kijana tukafunga plagi upya. Waya wa ethi tuliuacha mrefu kidogo kuliko wenzake ndani ya plagi, ili siku mtu atakapojikwaa kwenye waya na kuuvuta, laivu ichomoke kwanza na ethi iwe ya mwisho kuachia.