Picha za hali halisi za maisha ya klabu ni nini?

Ukipitia kurasa za klabu za Mwanza Jumapili mchana, utakuta picha za usiku uliopita: meza zimejaa chupa, watu wanatabasamu, nembo ya klabu pembeni. Hizo ni picha za matangazo. Zinaleta wateja, lakini si picha za hali halisi.

Katika picha za hali halisi, mpigapicha hampangi mtu. Anarudi ukumbi uleule kwa wiki na miezi, mpaka mabaunsa, wahudumu na dijei wamzoee. Hapo ndipo anapata yanayotokea yenyewe: binti aliyevua viatu ili acheze vizuri, mama anayekaanga chipsi nje ya geti, mhudumu anayehesabu mauzo alfajiri. Picha hizo zikipangwa pamoja ndipo tunaelewa watu hawa ni akina nani na wamefuata nini.

Ndiyo maana lazima aujue mji. Huku ziwani dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti vizuri, mitumbwi inapumzika, na wavuvi wenye hela mfukoni wanajaa kwenye baa za mialoni. Anayepiga picha Kirumba au Igombe bila kujua hilo ataona umati tu, asijue kwa nini umekuja wiki hii na si iliyopita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mpigapicha Malick Sidibé wa Mali. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 alizunguka kwenye sherehe za vijana wa Bamako, kisha wao wenyewe wakaenda studio kwake kuchagua picha za kununua. Katika picha yake mashuhuri ya mkesha wa Krismasi 1963, kaka na dada wanacheza, vichwa vimekaribiana, dada yu pekupeku. Walimwamini, na inaonekana.

Sidibé alitumia flashi. Siku hizi wengi huizima, wakafungua sana tundu la lenzi, hadi f/1.8, na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200 au zaidi, ili rangi za taa za ukumbi zibaki. Picha itakuwa na chembechembe, na hazina ubaya.

Kubwa zaidi ni ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika nchini tangu Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Aliyelewa saa nane usiku hawezi kuruhusu chochote. Mfuate mchana, umwonyeshe picha. Akikataa, ifute palepale akiona.