Dodoso la Mtoto Lisimtege Mtoto

Mtoto wa miaka 9 anasoma sentensi kwenye dodoso linalopima uhusiano wake na mlezi: “Mama hanisikilizi nikiwa na huzuni.” Mama yake humsikiliza. Je, aweke alama kwenye “si kweli”? Mtu mzima hapati shida hapo, lakini mtoto anakuta ukanushi juu ya ukanushi, na wako wanaojibu kinyume cha walichokusudia. Kosa hilo la lugha litahesabiwa kama kasoro ya malezi. Mimi huziondoa sentensi za namna hiyo, japo wataalamu wengine huzitetea kwa kuwa humzuia mtoto kukubali kila kitu.

Kwa watoto wachanga, mshikamano na mlezi, yaani kifungo cha kihisia kati yao, hupimwa kwa kutazama. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliangalia jinsi mtoto anavyompokea mama aliyetoka chumbani na kurudi. Mtoto wa shule hang’ang’anii tena nguo ya mama. Kwake, jambo kubwa ni kama anaamini kuwa mlezi atapatikana akimhitaji, na hilo analijua mwenyewe.

Tatizo ni kwamba watoto hupenda kutoa jibu “zuri”. Mwanasaikolojia Susan Harter alibuni njia ya kulipunguza, na mtafiti Kathryn Kerns na wenzake wakaitumia mwaka 1996 katika kipimo chao cha maswali 15 kuhusu usalama wa mtoto kwa mzazi, yaani jinsi anavyomtegemea bila wasiwasi. Mtoto husomewa pande mbili, kwa mfano: “Watoto wengine wakiogopa humwendea mama, lakini wengine hukaa na hofu yao peke yao.” Kwanza achague anafanana na nani, kisha aseme ni kweli kabisa kwake au kweli kidogo. Pande zote mbili zina watoto, kwa hiyo hakuna aibu ya kuwa upande wowote. Mfano mmoja wa mazoezi, tena usiohusu familia, ni wa lazima, la sivyo wengine watatia alama pande zote.

Mtoto aulizwe kuhusu mama na kuhusu baba, kila mmoja peke yake. Anayelelewa na bibi aulizwe kuhusu bibi. Na mlezi asikae chumbani humo!

Kuhusu hesabu, wengi hukimbilia alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi majibu ya maswali ya dodoso moja yanavyokwenda pamoja, na kufurahi ikipita 0.70. Alfa hupanda kirahisi ukirudia swali lilelile kwa maneno tofauti, na hapo umepima kidogo sana. Rudia dodoso kwa watoto walewale baada ya wiki mbili hivi uone kama majibu yanashikamana. Ukirudi kesho yake watakuwa bado wanayakumbuka.

Hata hivyo, uthabiti wa majibu si ukweli wake. Mtoto aliyezoea kuficha hisia anaweza kueleza nyumba isiyo na dosari leo na wiki mbili zijazo, bila kupepesa. Alama za juu kila mahali zilinganishwe na mahojiano au hadithi ambayo mtoto anaimalizia mwenyewe, kabla hajaandikwa kuwa yuko salama.