Kisiki si hesabu yote: dhana potofu kuhusu ukataji wa magogo katika misitu ya mvua

Ubishi kuhusu ukataji wa magogo huishia kwenye kuhesabu visiki. Mmoja anaona kila mti ulioanguka ni janga. Mwenzake anaitazama miti iliyobaki imesimama, anasema hapana neno. Wote wawili wanaisahau barabara.

Dhana: Ukichagua miti michache na kuiacha mingine, msitu haudhuriki

Hii inastahili maelezo marefu, maana nusu yake ni kweli. Katika bonde la Kongo, mara nyingi kampuni huvuna mti mmoja au miwili tu kwa hekta. Ila mti wa mita 40 hauanguki peke yake. Matawi yake yamefungamana na ya majirani kwa mimea tambazi iliyokomaa, hivyo ukienda chini huwavuta na wenzake. Kisha huingia tingatinga kuburura gogo, likivunja miche na kushindilia udongo. Paa la majani likishatoboka, jua hupiga chini, na majani makavu yaliyokuwa na unyevu mwaka mzima hugeuka kuni. Miti mingi ya msitu wa mvua ina magome membamba kwa kuwa haikuzoea moto. Hata moto wa kimo cha goti unaweza kuiua.

Halafu kampuni huondoka, barabara iliyochonga kusafirishia magogo hubaki. Wawindaji huipita, wachimba madini nao, na wanaotafuta mashamba. Tembo wa msituni wa Afrika ya Kati humeza matunda na kuziacha mbegu kilomita nyingi kutoka ulipo mti mama. Tembo wakimalizwa, miti inayowategemea hukosa wa kuieneza. Picha ya setilaiti itaonyesha kijani kitupu, nawe utadhani mambo ni shwari.

Namna ya kukata nayo ina uzito mkubwa. Mimea tambazi ikikatwa miezi kadhaa kabla, mti ukaelekezwa pa kuangukia, njia za kuburura magogo zikapangwa mapema na barabara zikafungwa baada ya kazi, uharibifu hupungua sana. Tena msitu uliovunwa si msitu uliokufa. Huko Borneo, kisiwa cha Asia, watafiti walikuta zaidi ya robo tatu ya spishi za ndege na za mende wa kinyesi wa msitu usioguswa bado wakiishi katika misitu iliyokwisha kukatwa mara mbili. Kwa hiyo ile hoja ya “umeshaharibika, tupande michikichi tu” mimi naiona hatari kuliko msumeno wenyewe.

Dhana: Amazon hutupatia asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta

Hapana. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa: miti yenyewe hupumua usiku na mchana, na kuvu na bakteria huitumia wakiozesha majani na magogo. Oksijeni iliyo angani ilijilimbikiza kwa mamilioni ya miaka.

Sababu za kweli za kuulinda msitu ni nzito zaidi. Mti ukiungua au kuoza, kaboni iliyomo hurudi angani kama hewa ukaa. Kuna pia mvua. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazili, Eneas Salati, alionyesha kwamba takriban nusu ya mvua ya Amazon inatokana na unyevu ambao msitu wenyewe umeurudisha angani. Ukiufyeka upande wa mashariki, unakopita upepo wa baharini, unapunguza maji ya walio magharibi na kusini.

Dhana: Panapoota msitu mnene hivyo, udongo lazima una rutuba

Mara nyingi ni kinyume. Mvua za karne nyingi zimeosha virutubisho, na vilivyosalia vingi vimo ndani ya mimea na tabaka jembamba la mboji. Ukichoma msitu, majivu hulisha mazao kwa misimu michache tu.

Dhana: Wakata magogo ndio wanaomaliza misitu

Kinachoifuta misitu hasa ni kilimo na mifugo: malisho ya ng'ombe huko Amazon, michikichi Indonesia na Malaysia, mashamba madogo katika bonde la Kongo. Biashara ya magogo hutangulia, ikafungua mlango. Mlango huo unaweza kufungwa. Brazili ilipoteza karibu kilomita za mraba 27,800 za msitu wa Amazon mwaka 2004. Kufikia 2012 zilizopotea kwa mwaka zilikuwa kama 4,600, baada ya ufuatiliaji wa setilaiti, faini na kutengwa kwa maeneo mapya ya hifadhi.

Dhana: Tutapanda mingine

Msitu hurudi, lakini si kwa mkupuo. Utafiti mpana uliotolewa mwaka 2021 kuhusu misitu ya tropiki inayochipua upya ulikuta udongo ukipona ndani ya miaka 10 hivi. Wingi wa spishi huchukua miongo kadhaa. Uzito wa miti, na mchanganyiko uleule wa spishi za awali, huhitaji zaidi ya miaka 120. Hesabu hiyo ni ya ardhi iliyoachwa ijiotee yenyewe. Mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, ikisubiri kuvunwa baada ya miaka michache, haimo humo kabisa.