Ndege haikuoni: kazi ya studio ndani ya kasino ya simu

Kijana mmoja wa Kayole alinitumia ujumbe juzi. Alikuwa amelipia signali za Aviator, mchezo wa kubeti ambapo ndege inapaa huku odi ikipanda na lazima utoe pesa kabla haijaenda zake. Signali hizo, kwenye kundi la Telegram, zilikuwa za kumwambia ndege itaenda kwa odi ngapi. Mbili za kwanza ziliingia, zilizofuata zikamkausha. Hasira zake hazikuwa kwa aliyemuuzia. "Kaka, wewe uko huko ndani, niambie ukweli. Nikiweka ishirini inapaa mpaka kumi na tano. Nikiweka elfu moja inaenda kwa 1.02. Wananionaje?"

Hawakuoni. Nimechoka kulijibu swali hili mmoja mmoja kwa simu, kwa hiyo leo naliandika.

Kazi yangu ni kuunganisha michezo ya studio, yaani kampuni zinazoitengeneza, na majukwaa ya kampuni za kubeti hapa Nairobi, na kuipima kabla haijafunguliwa kwa wachezaji. Kampuni unayoijua kwa mabango na fulana ni mwenye duka tu. Aviator ni ya Spribe, iliyoizindua mwaka wa 2019. Gates of Olympus, sloti (mchezo wa kuzungusha alama) yenye yule Zeus anayeelea pembeni, ni ya Pragmatic Play, ya 2021. Meza nyingi zenye mtu halisi anayegawa karata hurushwa na Evolution, yenye studio kubwa mjini Riga, Latvia. Matokeo yanatolewa na seva ya studio. Seva hiyo huiambia kampuni: kata shilingi 20 kwenye salio la mchezaji huyu. Kampuni inajibu: sawa, salio lake sasa ni hili. Raundi ikiisha na umeshinda, ujumbe mwingine unakuja: ongeza 38. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Kampuni haina mkono ndani ya ndege.

Na ndege ni moja kwa wote mlio kwenye raundi. Ikienda kwa 1.02 imekwenda nayo elfu moja yako na ishirini za wengine. Seva hutoa mbegu yake, namba ya siri, na kuonyesha heshi yake, alama ya kuthibitisha baadaye kwamba haikubadilishwa, kabla ya raundi, mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau zinaongezwa, zote zinapitishwa kwenye kanuni ya hesabu iitwayo SHA-512, na odi inatoka hapo. Baada ya raundi unaweza kubonyeza matokeo na kuzikagua mbegu. Anayekuuzia signali anadai kuijua mbegu iliyofichwa na seva, pamoja na mbegu za watu watatu ambao bado hawajaweka dau. Huo ni wizi, na naomba tuache kuuita jina lingine.

Mbona basi 1.02? Aviator ina RTP, yaani sehemu ya madau inayorudishwa kwa wachezaji kwa wastani, ya asilimia 97. Kwa mchezo wa aina hii, uwezekano wa kufika odi fulani ni takriban 0.97 ukigawanya kwa odi hiyo. Kufika 2 ni asilimia 48.5, kufika 10 ni 9.7. Piga hesabu hiyohiyo kwa 1.02 utaona kwamba karibu raundi 5 katika kila 100 huisha kabla ya kufika hapo, na 3 kati ya hizo hazipai kabisa. Mtu anayecheza jioni nzima atakutana nazo mara nyingi. Atakayoikumbuka ni ile iliyobeba elfu moja.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hapa studio ina mkono kweli, na hakuna anayeniuliza. Juu ya skrini kuna msururu wa odi zilizopita: buluu, zambarau na pinki. Pinki ni 10 kwenda juu. Watu wazima, wenye akili zao, wanakaa kwenye matatu kutoka Githurai hadi mjini wakisema "pinki imekawia, inakuja." Kukaa raundi 20 bila pinki kuna uwezekano wa karibu asilimia 13. Ni jambo la kawaida. Na baada ya hizo 20, raundi ya 21 bado ina asilimia 9.7 zilezile. Msururu ule hauna habari yoyote ya kukusaidia. Uliwekwa pale na mtu aliyeketi akabuni, akaupa rangi, akauweka mahali ambapo jicho haliwezi kuukwepa. Pembeni kuna orodha ya wenzako, na anayetoa pesa mapema anageuka kijani. Hesabu ni safi, lakini skrini inakufundisha kuona njia mahali pasipo na njia. Muuzaji wa signali anavuna shamba lililolimwa na mbunifu wa studio.

Kuhusu dau mbili kwa pamoja, moja ya kutoa kwenye 1.5 na nyingine ya kuachia ipae: kila moja inarudisha 97, na zote pamoja zinarudisha 97. Tuendelee.

Hiyo 97 yenyewe haieleweki. Watu husema, "Si mbaya, nikiweka elfu narudi na 970." Hapana! Asilimia hizo ni za kila dau. Haziko kwenye pesa uliyoingiza. Elfu moja yako inazunguka: unashinda kidogo, unaweka tena, unapoteza, unaweka tena. Jumla ya madau ikifika elfu kumi, matarajio ni kupoteza 300, ingawa hujaongeza hata senti. Kwa hiyo swali la maana ni mchezo unakuzungusha kwa kasi gani, na kasi ni uamuzi wa studio. Tuseme unacheza Aviator kwa shilingi 20, raundi 150 kwa saa. Umezungusha 3,000, na gharama ya kutarajiwa ni 90. Hamia sloti yenye RTP ya 96.5, ambayo kwenye karatasi inakaribiana nayo. Kila sekunde 3 mzunguko mmoja, shilingi 20 zilezile. Ni mizunguko 1,200, madau ya 24,000, na gharama ya 840. Tofauti ya nusu asilimia kwenye karatasi imekuwa zaidi ya mara tisa kwenye mfuko. Uingereza iliona hili. Tangu Oktoba 2021 mzunguko wa sloti ya mtandaoni hauruhusiwi kuwa chini ya sekunde 2.5, na mchezo kujizungusha wenyewe bila wewe kubonyeza kumepigwa marufuku.

Na hapo sijagusa ushuru. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, asilimia 5 inakatwa kwenye pesa unayoingiza na 5 nyingine unapoitoa. Hakuna RTP inayokuonyesha hilo.

Kanuni hizo za Uingereza zilikataza kitu kingine ninachokiona kila ninapopima sloti. Naweka 20. Alama tatu ndogo zinapangana, muziki unapanda, sarafu zinamwagika, namba inahesabu polepole mpaka ikome kwenye 8. Nimepoteza shilingi 12 na simu inanipigia vigelegele. Watafiti wa Kanada walipima miili ya wachezaji katika hali hiyo na kuona inaitika kama mtu aliyeshinda. Studio inaweza kuviondoa vigelegele hivyo. Matoleo ya Uingereza hayana. Tunayoletewa sisi yanavyo.

Kuna jambo moja linalosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi wake. Kila kitabu kinasema "kukosa kidogo", zile alama mbili na ya tatu ikapita kwa nywele, humfanya mtu aendelee kucheza. Niliamini hivyo nilipoanza. Majaribio ya karibuni yanatofautiana sana, na mengine hayaoni athari yoyote. Nina shaka tumelaumu kukosa kidogo kwa kazi inayofanywa na kasi. Maabara zinazothibitisha michezo hazitatusaidia hapo: hukagua hesabu na uzalishaji wa namba, na muziki wa kusindikiza hasara si kosa la hesabu.

Unayeuliza kampuni inachezea wapi, kuna mahali pamoja. Studio nyingi huuza mchezo mmoja ukiwa na RTP kadhaa. Gates of Olympus ipo ya 96.50, ya 95.51 na ya 94.50. Zeus ni yuleyule, ngurumo zilezile, na kampuni ndiyo inayochagua siku ya kuunganisha. Kutoka ya kwanza hadi ya tatu, sehemu inayobaki kwao inapanda kutoka 3.5 hadi 5.5. Hakuna tangazo litakalokwambia. Fungua menyu ndani ya mchezo wenyewe, ingia kwenye sheria, shuka mpaka chini kabisa: namba imeandikwa hapo, kwa herufi ndogo. Kwa saa ileile ya shilingi 20, hiyo tofauti ni shilingi 480.