Naturopathi ni nini, na mgonjwa huhudumiwaje?

Naturopathi ni mfumo wa tiba unaoanza na namna mtu anavyoishi: anachokula, anavyolala, anavyofanya kazi, msongo alionao. Chimbuko lake ni Ujerumani ya karne ya 19, ambako padri Sebastian Kneipp alijulikana kwa tiba ya maji. Benedict Lust ndiye aliyeueneza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20.

Wengi huuchanganya na mitishamba. Mitishamba ni sehemu tu. Kinachoupambanua ni mpangilio wa hatua, kutoka nyepesi kwenda nzito.

Tuchukue mgonjwa wa presha. Mahojiano ya kwanza huchukua saa moja au zaidi. Huulizwa alichokula jana tangu alipoamka, anakoroma au la, nani kwao alipata kiharusi. Huombwa aje na mfuko wenye kila anachomeza: vidonge vya hospitali, vitamini, hata unga wa mizizi alioletewa na jirani. Mfuko huo hufichua mengi kuliko maneno. Presha hupimwa zaidi ya mara moja, akiwa ameketi na kutulia dakika tano.

Kisha huja mabadiliko ya maisha: chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na iliyomo kwenye viungo vya mchuzi vya dukani, kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Mimea na virutubisho hufuata baadaye, na dawa za hospitali zikihitajika hutumika. Presha ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuona ukungu, hapo hakuna hatua nyepesi. Ni hospitali mara moja.

Hatari kubwa iko kwenye kuchanganya. Urukususu, mzizi mtamu unaotumika kama dawa, ukitumiwa kwa wingi huufanya mwili ubakize chumvi na kupoteza potasiamu, na presha hupanda. Mmea wa hipericamu, unaotumika kwa sonona, huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na baadhi ya ARV hupungua nguvu bila dalili yoyote ya mapema.

Pia nyenzo zake hazilingani. Lishe na mazoezi vina ushahidi mzito. Homiopathi, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, ambayo baadhi ya watoa huduma wa naturopathi huitumia, haina ushahidi wa kutegemewa.

Viwango vya watoa huduma navyo hutofautiana. Marekani baadhi ya majimbo hutoa leseni kwa waliosoma miaka minne na kufaulu mtihani. Kwingine hakuna masharti hayo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa huduma, kwa hiyo omba kuona cheti. Mtoa huduma akikuambia uache insulini au ARV ili dawa yake ifanye kazi, ondoka.