Stempu ya chungwa iliyogeuka kahawia si lazima iwe adimu

Kwa miaka mingi wakusanyaji wa stempu wameaminishana kwamba stempu kuukuu ya rangi ya chungwa ikionekana ya kahawia, basi ni toleo adimu. Wengine husema imeharibiwa na oksijeni. Mara nyingi dai lolote kati ya hayo si kweli.

Wino mwingi wa chungwa na mwekundu wa karne ya 19 ulitengenezwa kwa madini ya risasi. Salfa iliyomo hewani, hasa gesi ya haidrojeni salfaidi, huungana na risasi hiyo na kuwa salfaidi ya risasi, ambayo ni nyeusi na huifanya chungwa ionekane kahawia. Oksijeni haihusiki. Tena haidrojeni peroksaidi, inayotoa oksijeni, huigeuza salfaidi hiyo kuwa salfeti nyeupe, na rangi ya awali huanza kujitokeza upya. (Usiijaribu kwenye stempu ya thamani, kuna wino unaochujuka.)

Itazame stempu kwa kioo cha kukuzia, kwenye mwanga wa mchana. Weusi wa salfa aghalabu hukaa juu ya wino kwa mabaka, huku mistari mingine ikibaki na uchungwa wake. Rangi ya kiwandani huwa imeenea sawasawa zaidi.

Kahawia halisi ipo, kwa mfano kwenye stempu za senti 3 za Marekani za machapisho ya kwanza ya mwaka 1851. Hapo tarehe ya mhuri wa posta husaidia kuliko macho. Picha ya kwenye skrini usiitegemee kabisa, kwani kila skrini huonyesha rangi kivyake. Linganisha na stempu halisi iliyokwisha kuthibitishwa.